Jina Ndani ya Ukosi

Zipora alikuwa ameshavaa kiatu kimoja cha mbio pale baba yake alipoona jina limeshonwa ndani ya ukosi wa fulana aliyopewa akimbilie.

“Nisomee,” alisema, maana shule aliiona kwa nje tu.

“La binti wa yule mhandisi Mghana, baba. Yule binti aliyeumia goti.”

Karani wa shule ya watoto wa wageni wa mgodini akacheka. “Baba Zipora, ni mbio za leo tu! Wale wa Nairobi wametuchapa miaka mitatu. Viatu atabaki navyo.”

“Na darasani atabaki?”

“Mzee wangu, darasa ni la watoto wao.”

“Akishinda, atatangazwa nani?”

Karani akageukia uwanjani, filimbi ilikokuwa inalia.

Mama yake Zipora alinyimwa kitanda hospitali ya wakubwa haohao wa mgodi, eti jina lake halimo kwenye orodha.

“Nawaweza wote, baba,” Zipora alisema, akivuta kamba ya kiatu. “Waniite watakavyo.”

Baba alipiga magoti mbele ya binti yake, akaanza kuifungua ile kamba taratibu. Zipora alilia, lakini hakuuondoa mguu.