Osiloskopu Tatu za Timotheo

Matilda aliifungua plagi kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Waya wa kijani na njano ulikuwa mahali pake, kwenye pini ya ardhi. Akakaza skrubu, akaichomeka ukutani, akawasha. Taa nyekundu ya osiloskopu, lile dude la chuma la kupimia mawimbi ya umeme, ikawaka. Akaliwekea kiganja chote juu. Lilikuwa la baridi, na halikumfanya kitu.

Hakutaka kumuua mtu. Alitaka tu kuona kama Gwakisa, fundi mwenza wa mumewe, atasita kulishika.

Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu mumewe, Timotheo, afie kwenye karakana hii ya mtaa wa Mlandege, televisheni ya mteja ikiwa wazi mbele yake. Kila mtu alisema ni televisheni iliyomrusha kwa umeme. Matilda naye aliamini hivyo, mpaka wiki iliyopita alipotaka kuazima plagi ya dude lile kwa ajili ya pasi yake. Ndani alikuta waya wa ardhi umehamishiwa kwenye pini ya moto, inakopita umeme. Bati lote la nje lilikuwa limegeuzwa umeme mtupu, likimsubiri wa kulishika.

Alikuwa ameuza vipuri kwenye kaunta ya mbele miaka kumi na miwili. Alijua fundi hakosei hivyo. Aliurudisha waya mahali pake, asimwambie mtu yeyote. Karakana ilikuwa imefungwa tangu msiba, ufunguo anao yeye. Kwa hiyo, ukimtoa yeye, mtu aliyejua hatari ya dude lile alikuwa mmoja tu, yule aliyeuhamisha waya.

Na angekuwa nani kama si Gwakisa? Alikaa meza moja na Timotheo. Wiki ile ya kifo waligombana mpaka majirani wakatoka nje, kwa sababu Gwakisa alitaka kurudi kwao Mbeya kufungua karakana yake. Na siku yenyewe, eti alikuwa ametoka kwenda kula.

Jikoni, Marcelino alikuwa anachemsha chai. Mdogo huyo wa Matilda alikuja toka Tosamaganga siku mbili kabla ya msiba, kumsalimia tu, na hakuondoka tena. Ndiye aliyevuta nyaya na kufunga taa uani waombolezaji wapate mwanga. Ndiye aliyebeba ndoo zote za maji, maana mkono wa kushoto wa Matilda haukuwa unanyooka vizuri tangu ugomvi wake na Timotheo mwaka jana, na kila Marcelino akiutazama alikuwa anakunja uso. Mara mbili alijitolea kuviuza vyombo vya karakana. "Dada, vitakuumiza bure ukiviona." Matilda alikataa. Pamoja na yote, alimpenda Timotheo, na hasira ya kutojua ilimkosesha usingizi.

"Hodi, shemeji."

Gwakisa aliingia, koti limelowa mvua. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya mazishi.

"Karibu. Jumamosi baba wadogo wa Timotheo wanakuja toka Kalenga kugawa vitu," Matilda alisema. "Lakini kwetu, aliyefanya kazi na marehemu huchagua chombo kimoja kabla ukoo haujakaa. Osiloskopu hizo hapo. Chukua unayoipenda."

Zilikuwa tatu, zimepangwa mezani. Gwakisa alianza na ile ndogo ya kushika mkononi. "Hii ni ya kutembea nayo. Unaitia begini, unaenda nayo kwa mteja. Na kwa mtu wa kujifunza nyumbani inatosha kabisa." Akaiweka, akachukua ile nyeupe ya plastiki. "Hii ina kioo cha rangi. Inakutunzia wimbi la umeme, ukitaka unaliangalia hata kesho."

Lile la chuma alilizunguka. Hakuligusa.

"Nichukue hii nyeupe tu, shemeji."

Matilda alimkazia macho. "Kwa nini si lile? Si mlikuwa mnaligombania kila siku?"

"Lile siwezi."

"Huwezi nini?"

Gwakisa aliinamisha kichwa. Mvua iligonga bati la paa.

"Mara ya mwisho nilimwambia maneno mabaya, shemeji. Sasa nikilibeba na dude lake, si nitakuwa nimemfukuza kwenye kiti chake?"

Maneno matamu, Matilda aliwaza. Alikuwa ameyatarajia. Akasogea hadi ukutani, akasimama mahali ambapo angeiona mikono ya Gwakisa vizuri. "Lishike tu, umuage. Nimekuwashia."

Gwakisa aliitazama taa nyekundu. Taratibu, uso wake ukalegea.

"Nisikudanganye, na mimi ndilo nalipenda," alisema. "Hizi nyingine zinafikiri kwanza ndipo zikuonyeshe. Hili zee, wimbi likiingia tu unaliona palepale. Timotheo alikuwa ananiambia, Gwakisa, ukichanganyikiwa na hizo za plastiki, rudi kwa mzee."

Alikuwa analia. Alijifuta macho kwa viganja vilivyolowa, akavinyoosha vyote viwili kulielekea lile bati, kama anayemshika mtu mabega. Hakusita hata kidogo.

Aibu ilimpanda Matilda mpaka masikioni. Siku saba alikuwa amemhukumu mtu huyu moyoni mwake. Alifungua mdomo amwombe radhi, lakini sauti nyingine ikamtangulia.

"Usiliguse! Chomoa kwanza!"

Gwakisa aligeuka kwa mshangao, mikono yake yote miwili imetulia juu ya chuma. Mlangoni alisimama Marcelino, vikombe vimevunjika miguuni pake.