Teke la Kisimani

Zamani wanyama walipokunywa maji katika kisima kimoja, Nyumbu alimpiga Punda Milia teke akamvunja mguu. Akashtakiwa kwa hakimu Korongo, mgumu wa kuamini, kuwa alimpiga kwa kuichukia mistari yake.

"Kumpiga nakiri," alisema Nyumbu, "lakini si kwa ajili ya mistari yake. Nilikuwa na kiu, naye alinizibia njia. Angekuwa yeyote ningempiga."

Punda Milia akainama. Nani angeupasua moyo wa Nyumbu aonyeshe kilichomo?

Korongo akamkazia Nyumbu jicho. "Ni yeye peke yake aliyekuzibia?"

"La, mheshimiwa. Na nyumbu wenzangu wanne."

"Hao uliwafanyaje?"

"Niliwaomba wanipishe."

"Na huyu ulimwomba?"

Nyumbu akashangaa. "Kwani huyu naye ni wa kuombwa?"

Korongo akamgeukia karani. "Andika hivyo hivyo alivyosema."