Salamu za Mama Siwatu

Mzee Mfaume hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na ruhusa ya kukataa salamu za marehemu redioni. Kila alasiri, katikati ya nyimbo laini za mapenzi, stesheni ya mtaa ilirusha sauti ya marehemu mkewe, iliyoigizwa na kompyuta: "Mfaume mpenzi, nakukumbuka."

"Mama yako hakuniita mpenzi hata siku moja," alimfokea bintiye Siwatu. "Aliniita Baba Siwatu, tena kwa ukali."

"Baba nawe. Mama alikuwa akisema hivyo siku zote."

Mzee akachukua kalamu, akawaandikia watu wa stesheni: "Mnyamazisheni mke wangu. Binti yangu ameshamsahau." Alitaka kueleza marehemu alivyokuwa akiongea, lakini sauti iliyomjia ilikuwa ile ya redioni. Akaifunga bahasha kwa gundi, akaipeleka posta mwenyewe.