Pampu ya Mlimani

Kompyuta iliandika kwamba hakuna kosa hata moja, na hapo ndipo Mwanahawa alipoingiwa na shaka.

Programu ya pampu za maji za mji ilikuwa kuukuu, imeandikwa kwa C, lugha ya zamani ya kompyuta. Mwanahawa alikuwa ameisafisha: kila kipande ambacho kichanganuzi chake, chombo cha kukagua programu, hakikukiona, alikifuta akidhani hakitumiki. Asubuhi ile akaipakia kwenye pampu zote mbili, ya bondeni na ya mlimani. Sasa alikumbuka kwamba kabla ya kusoma, kichanganuzi huichuja programu kwanza na kuacha nje vipande vya mashine ambayo hukukitajia. Yeye aliitaja pampu ya bondeni tu.

Akafungua nakala ya zamani. Kipande alichofuta ndicho kilichokuwa kikiizima pampu ya mlimani tangi likijaa.

Akampigia fundi wa pampu. “Kitwana, ya mlimani usiiwashe!”

“Ah, dada, mbona nimeshaiwasha kitambo? Nimeshuka, nakunywa chai.”

“Panda ukaizime kwa mkono! Kimbia!”

Akasikia kikombe kikianguka, kisha viatu vikitimka. Dirishani, juu ya nyumba za mlimani, ukuta wa tangi ulimetameta. Huenda lilikuwa jua tu; huenda maji yalishaanza kufurika.