Firigisi ya Siku ya Mawe

Mwaka huu tena, firigisi ya kuku ilikwenda kwa Nyamizi.

Ilikuwa Siku ya Mawe, siku pekee ambayo sheria inawaruhusu watu kulipopoa mawe Jumba la Halmashauri, na askari kuwajibu kwa risasi za mpira. Nyamizi alirudi na bendeji kichwani, majirani wakimwimbia mpaka mlangoni.

Kabula, dada yake, ndiye aliyesota kwenye vikao vya Halmashauri hadi maji yakarudi mtaani. Hata kuku yule alipikwa kwa maji hayo.

“Mama, na mimi je?”

“Wewe kula paja, mwanangu. Mwenzio kamwaga damu kwa ajili yetu.”

“Mimi nimeleta maji!”

“Maji yameletwa na mawe, dada,” Nyamizi alisema huku akitafuna taratibu. “Nyie mligonga mihuri tu.”

Mama akacheka. Kabula naye akajichekesha, roho inamuuma.

Kesho kamati yake ya Halmashauri ingepiga kura: mwakani askari watumie risasi za mpira, au za moto? Miaka yote Kabula alinyoosha mkono kutetea mpira, bila hata kufikiri.

Alimtazama mdogo wake akilamba vidole. Safari hii akajikuta anafikiri.