Hadi Arobaini

Mgeni aliingia mgahawani bila hodi, akaenda moja kwa moja ukutani, ambako Mashavu, mwenye mgahawa, hubandika vipande vya magazeti na kuandika neno lake chini ya kila kimoja. Chini ya habari ya sembe yenye ukungu alikuwa ameandika: "Ndiyo iliyomuua mtoto wa Bi Chiku."

"Kibandue hiki, mama," mgeni alisema. "Mwenye kinu kilichosaga sembe hii akikasirika, hutauziwa unga wa ngano mji huu. Utawakaangia wateja magazeti?"

"Nimemwahidi mama wa mtoto kitakaa hadi arobaini."

"Basi kula ahadi."

Siku ya thelathini na tisa, karai lilikuwa limepoa wiki nzima na kile kipande kimeanza kubanduka. Mashavu alikung'uta gunia, akachemsha konzi ya mwisho ya unga ikawa gundi, akakibandika upya.