Mama Aliyeshiba

Siku hizi riwaya haichapwi mpaka mashine iipime Uafrika wake. Riwaya ya Naelijwa ilipata alama kumi kwa mia.

"Mama wa mhusika mkuu ni daktari wa meno, tena ameshiba," mashine ilisema. "Wasomaji hawataamini. Mshindishe njaa."

Naelijwa akamsomea maoni hayo mama yake, daktari wa meno mstaafu, aliyekuwa akipakua makande.

"Nishinde njaa, mimi?" mama akafoka. "Hebu muongezee sahani ya pili!"

Naelijwa akaongeza, akatuma. Alama zikashuka hadi mbili. Zikifika sifuri, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya waandishi Waafrika.

"Zimebaki mbili, mama."

Mama akamsogezea kompyuta. "Basi andika kwamba alishiba mpaka akabakiza."